Mtambo wa oksijeni bila punje nzima ni chuma kitupu

Katika biashara ya hewa za viwandani na za hospitali, mnunuzi wa Afrika Mashariki amezoea kuuliza maswali mawili: mtungi ni shilingi ngapi, na mtambo ni dola ngapi. Swali la tatu, ambalo ndilo huamua kama fedha iliyotoka itarudi au itapotea, huulizwa na wachache. Ndani ya yale mapipa mawili marefu yanayosimama kando ya kompresa mmetiwa nini, na kitu hicho kitadumu muda gani?

Kilichomo ni punje. Ukizimimina mkononi utadhani ni mtama uliokobolewa, mweupe au wa rangi ya udongo mwepesi. Jina lake ni zeolaiti, na mafundi huziita chekeche za molekuli. Mtambo mzima, pamoja na kompresa, matangi, mabomba na ile kabati ya umeme yenye taa za kijani, umejengwa kwa ajili ya kuzihudumia punje hizo. Zikifa, kilichobaki ni chuma kinachokula umeme.

Suala hili si la wataalamu peke yao, kwa sababu fedha nyingi zimekwisha kupita. Shirika la Afya Duniani liliitambua oksijeni mwaka 2017 kuwa dawa muhimu kwa wagonjwa wenye upungufu wa hewa katika damu. Kisha ukaja Uviko-19 mwaka 2020 na 2021, na serikali ambazo zilikuwa zikinunua mitungi kwa mazoea zikajikuta zinanunua mitambo kwa haraka. Tanzania ilipopata mkopo wa dola milioni 567 wa Shirika la Fedha la Kimataifa Septemba 2021, ambao kwa fedha ya nchini ulikuwa karibu shilingi trilioni 1.3, mitambo ya oksijeni ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotengewa fungu. Nchi jirani nazo zilipata mitambo kwa mikopo na misaada. Februari 2025 tume ya jarida la Lancet Global Health ilitoa taarifa kwamba watu wapatao bilioni 5 duniani hawana uhakika wa oksijeni salama ya hospitali kwa bei wanayoimudu. Soko basi lipo, na litaendelea kuwapo.

Kabla ya hapo biashara hii ilikuwa ya mitungi, na ilikuwa ya wachache. Kampuni ya TOL ya Tanzania, ambayo hisa zake ndizo zilizofungua pazia la Soko la Hisa la Dar es Salaam Aprili 1998, na BOC ya Kenya, ambayo hisa zake ziliorodheshwa Nairobi, zilijenga jina kwa mitungi inayojazwa mjini na kupelekwa mikoani kwa lori. Hesabu ya lori hilo haijawahi kumpendeza mtu. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule ujulikanao kama J, hubeba lita 6,800 za oksijeni, yaani uzito wa kilo 9 hivi. Chuma chenyewe ni zaidi ya kilo 60. Anayepeleka oksijeni Kigoma au Lodwar anasafirisha chuma kwenda, na anasafirisha chuma kurudi.

Kwa hiyo wanaosema mitambo ya punje ilikuwa ununuzi mbaya wanakosea. Kwa hospitali ya mkoa iliyo mbali na kiwanda, mtambo ni biashara nzuri kuliko lori. Kosa liko kwenye jedwali la bei: kilihesabiwa chuma, punje zikasahauliwa.

Jinsi zinavyofanya kazi

Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na agoni iliyo pungufu kidogo ya asilimia moja. Njia ya zamani ya kuzitenganisha, iliyoanzishwa na Carl von Linde huko Ujerumani mwaka 1902, ni kuigandamiza hewa na kuipoza mpaka iwe maji, kisha kuichemsha taratibu. Nitrojeni huchemka nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni nyuzi 183 chini ya sifuri, nayo agoni iko katikati, nyuzi 186. Tofauti ni ndogo, mnara ni mrefu, na mtambo wa namna hiyo unalipa pale tu unapozalisha kwa tani nyingi kila siku bila kusimama.

Zeolaiti inafuata njia nyingine kabisa. Ni fuwele ya alumini, silika na oksijeni, yenye vyumba na milango midogo isiyoonekana kwa darubini ya kawaida. Msweden Axel Cronstedt aliliita jiwe hilo mwaka 1756 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, kwa kuwa lilipopashwa moto lilitoa mvuke. Robert Milton na wenzake wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, walianza kuitengeneza kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1940, na kufikia 1954 ilikuwa imeingia sokoni. Mwaka 1960 Charles Skarstrom wa kampuni ya Esso alipewa hataza ya mtambo wa mapipa mawili yanayopokezana, ambao kwa msingi wake ndio huohuo unaouzwa leo.

Jina la chekeche linapotosha kidogo. Molekuli ya nitrojeni ina upana wa nanometa 0.364, ya oksijeni 0.346, yaani zinakaribiana kama pacha. Mlango wa zeolaiti inayotumiwa katika mitambo mingi una upana wa nanometa 0.74 hivi, na zote mbili zinapita bila kuinama. Kinachozitenganisha ni jinsi chaji za umeme zilivyopangika katika molekuli. Ndani ya vyumba vile mna chembe za sodiamu au lithiamu zenye chaji, nazo huivuta nitrojeni kwa nguvu kuliko oksijeni. Ni sawa na wateja wawili waingiao duka moja kwa mlango mmoja: wa kwanza hushikwa na maongezi ya mwenye duka, wa pili anapita moja kwa moja na kutokea mlango wa nyuma.

Hewa ikisukumwa ndani kwa shinikizo, nitrojeni hunasa na oksijeni hutoka juu. Baada ya muda mfupi punje hushiba. Vali hufunguka, shinikizo hushuka, nitrojeni huachia na kutolewa nje kwa mlio wa pumzi ambao kila muuguzi aliyewahi kulala zamu karibu na mashine hizi anaujua. Wakati huo pipa la pili linafanya kazi. Hakuna kinachoungua wala kinachotumika, na ndiyo maana wauzaji husema punje hazina gharama. Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho.

Asilimia 93 na ugomvi wa wauzaji

Agoni haina chaji za kunasia, hivyo hupita pamoja na oksijeni. Ndiyo sababu mtambo wa punje, hata ukiwa mpya, hauwezi kuvuka asilimia 95 au 96. Kiwango kinachokubalika kwa hospitali ni asilimia 93, juu au chini kwa 3. Oksijeni ya mtungi kutoka mnara wa Linde hufika 99.5.

Wauzaji wa mitungi wameitumia tofauti hiyo kuwatia hofu madaktari. Ugomvi huo ni wa biashara zaidi kuliko wa tiba. Mgonjwa wa nimonia anayevuta hewa kwa mirija ya puani anaichanganya oksijeni na hewa ya chumbani kila anapovuta pumzi, na kiwango cha 93 kimeruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Mwenye karakana ya kukata vyuma ndiye mwenye haki ya kulalamika. Moto wa kukatia chuma hupungua kasi sana oksijeni ikishuka chini ya 99.5, na kwa 93 unayeyusha badala ya kukata. Huyo aendelee kununua mtungi, na kampuni za mitungi hazitakosa mteja.

Adui ni maji

Zeolaiti inaipenda nitrojeni, lakini inayapenda maji zaidi. Nitrojeni huachia shinikizo likishuka, maji hayaachii. Kuyatoa kunahitaji kuzichoma punje kwa joto la nyuzi 300 hivi, kazi ambayo haifanyiki ndani ya mtambo wa hospitali. Kila chumba kilichokaliwa na maji ni chumba kilichopotea.

Mtu aliyewahi kuacha chumvi wazi jikoni Tanga, Mombasa au Mtwara hahitaji kuelezwa zaidi. Hewa ya mwambao imebeba maji mwaka mzima. Mtambo ulioundwa kwa ajili ya mji mkavu wa Ulaya au Uchina ukifungwa pwani pasipo kikausha hewa cha kutosha, na pasipo mtu wa kukagua bomba la kutolea maji kila siku, huanza kufa tangu wiki ya kwanza. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye kompresa nayo huziba milango ya punje. Nyanda za juu zina tatizo lao: Nairobi na Mbeya ziko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kompresa hunyonya kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, na mtambo hutoa pungufu. Hilo si hitilafu, bali ni hesabu ambayo ingefanywa kabla ya kusaini.

Umeme unaokatika unaleta madhara mengine. Shinikizo likipanda au kushuka kwa kishindo, punje huinuka na kusagana. Vumbi lake hupenya kwenye vali, vali hushindwa kufunga, na mapipa huanza kuvujishiana. Mtambo uliosimama miezi sita ukisubiri kipuri, vali zake zikiwa wazi, haukupumzika hata siku moja: ulikuwa unavuta unyevu.

Jambo la kutisha ni kwamba kifo cha punje hakina mlio. Kompresa inanguruma kama jana, kipimo cha mkondo kinaonyesha lita 5 kwa dakika kama jana, kinyago kiko usoni mwa mtoto. Kilichobadilika ni kwamba hewa inayopita imeshuka kutoka asilimia 93 hadi 80, kisha 70, na mwisho haitofautiani sana na ile iliyo dirishani. Kwa mashine ndogo za kando ya kitanda, Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 82. Pasipo kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi, hakuna daktari wala mhasibu anayeweza kujua kama mstari huo umevukwa. Mnunuzi anayefuta kipimo hicho kwenye orodha ili apunguze bei anajinunulia mashine ya upepo.

Hesabu ya umeme na hesabu ya punje

Mashine ndogo ya lita 5 kwa dakika hutumia wati 350 hivi. Kwa saa 24 ni yuniti 8.4 za umeme, nayo itatoa lita 7,200, yaani zaidi ya mtungi mmoja wa J. Mtambo mkubwa hutumia takriban yuniti moja kwa kila mita ya ujazo, na zaidi ya hapo ikiwa oksijeni itagandamizwa ndani ya mitungi. Msomaji azidishe kwa bei ya umeme ya mahali pake, kisha alinganishe na bei ya mtungi ukiwa umefikishwa mlangoni, nauli na siku za kusubiri zikiwamo. Katika wilaya nyingi jibu litakuwa upande wa mtambo, hata baada ya kuongeza dizeli ya jenereta kwa saa chache.

Lakini jibu hilo hubadilika punje zikiingizwa kwa umri wake halisi. Zikitunzwa vizuri huweza kufanya kazi miaka 10. Zikinyweshwa maji hazimalizi hata mwaka. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote atakalopata ofisa ugavi kwa kubishana na muuzaji, na haimo katika fomu nyingi za zabuni.

Aina ya punje nayo ina bei yake. Zenye sodiamu ni rahisi. Zenye lithiamu, zilizopewa hataza na Union Carbide mwaka 1989 kwa kazi ya Chien Chao, hunasa nitrojeni zaidi, kwa hiyo pipa huwa dogo na kompresa hula umeme kidogo. Ila zinafuata soko la betri. Bei ya lithiamu ilipanda hadi kilele mwishoni mwa 2022 kwa sababu ya magari ya umeme, kisha ikaporomoka mwaka 2023. Mwagizaji ambaye hajui mtambo wake una punje za aina gani hawezi kujua kama nukuu ya bei aliyoletewa ni ya haki, wala hawezi kungojea soko lishuke.

Zabuni ya busara ingetenga mistari ya bei: chuma peke yake, punje peke yake, kikausha hewa peke yake, vipuri vya vali vya miaka mitano peke yake. Ingetaka jina la mtengenezaji wa punje, si la mtengenezaji wa mtambo tu, na mapipa ya akiba yaliyofungwa pasipo kuingia hewa. Ingetaka kipimo cha unyevu kinachosomwa na kuandikwa daftarini kila asubuhi. Wafadhili wengi hupenda kulipia kitu chenye kubandikwa bamba la shaba, na bamba halibandikwi juu ya punje. Matokeo yake chuma ni cha mfadhili, na punje ni za hospitali ambayo fungu lake la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa.

Wapo ambao hawapaswi kununua mtambo hata kidogo. Hospitali kubwa iliyo saa moja kutoka kiwanda cha oksijeni ya kimiminika, yenye barabara ya lami na tangi uani, ibaki na lori la tangi. Lita moja ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 800 za hewa, na hakuna punje ya kuogopea. Kampuni ya Hewatele ya Kenya, iliyoanza mwaka 2014 kwa mitambo ya punje na kuuzia mitungi zahanati za jirani, yenyewe ikaja kutafuta mtaji wa kiwanda cha kimiminika. Soko lina nafasi ya njia zote mbili, na mwenye kukataa hilo kwa kawaida ana kitu cha kuuza.

Mawe mapya, na mawe ya nyumbani

Oktoba 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa fuwele mpya zilizojengwa kwa metali na viunganishi vya kaboni, zenye vyumba vingi kupita zeolaiti. Wachuuzi hawatakawia kuleta jina hilo Nairobi na Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba fedha kubwa ya fuwele hizo inatazamwa kwingine: kunasa hewa ya ukaa kwenye moshi wa viwanda, na kutenganisha propilini na propani, malighafi na mabaki ya plastiki, ambazo zinachemka kwa tofauti ya nyuzi 5 au 6 tu na leo hutenganishwa kwa minara mirefu inayomeza joto. David Sholl na Ryan Lively waliandika mwaka 2016 katika jarida la Nature kwamba kazi ya kutenganisha kemikali hutumia asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote ya dunia. Huko ndiko wenye viwanda vya mafuta wanakotafuta kupunguza gharama. Kwa oksijeni ya hospitali ya wilaya, jiwe la miaka ya 1950 bado ndilo lenye bei na vipuri.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tuagize punje kutoka ng'ambo ilhali zeolaiti ya asili ipo nchini. Ipo kweli: majivu ya volkano yaliyonyeshewa na maji ya magadi katika Ziwa Magadi na bonde la Olduvai yamegeuka zeolaiti za namna kadhaa. Lakini zimechanganyika, milango yake haifanani, na kuzisafisha kungegharimu kuliko kuzitengeneza upya. Tena mojawapo ya zilizoko Magadi, erionaiti, ni nyuzinyuzi za hatari. Vumbi lake ndilo lililoua wanavijiji wengi wa Kapadokia, Uturuki, kwa saratani ya utando wa mapafu. Anayetaka kuchimba kwa ajili ya mashamba au mabwawa ya samaki aanze na maabara kabla ya sururu.

Mitambo iliyofungwa mwaka 2021 na 2022 imekwisha kupita muda wa dhamana ya mwaka mmoja au miwili ambayo wauzaji hutoa. Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa Juni, na maombi ya hospitali hukusanywa miezi mingi kabla. Pipa la punje huagizwa ng'ambo kwa meli, na punje hazianzi kusafiri mpaka mtu aandike jina lake kwenye fomu.